Miaka Yangu Bila Udi

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mama alifariki mwezi wa mfungo. Baba alikuwa mkata mkonge asiyejua hata kuchemsha maji ya chai, kwa hiyo nikatolewa darasa la nne nije kulea wadogo zangu na kuosha vyombo vya watu. Darasa la nne hilo ndilo shule yangu yote. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta mbwembwe humu.

Faith na Espoir, nyinyi ndio mlionikaba siku ile ya keki ya kuniaga kazini mkasema, "Shangazi, usiondoke na mambo yako kichwani, yaandike." Haya, nayaandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokijua bila kuomba msaada. Wenzenu wa maabara mtawatafsiria, na mkitafsiri vibaya nitajua, maana nitawauliza mmoja mmoja.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo changu cha kwanza kilikuwa kuosha na cha mwisho kilikuwa kuosha. Kilichobadilika ni kile nilichokuwa naosha. Tanga niliosha sufuria. Nilipoolewa na Salehe tukahamia Dar es Salaam, nikaosha chupa kiwanda cha soda, nikajifunza kuinua chupa kwenye mwanga na kuona uchafu ambao mtu mwenye haraka hauoni. Salehe alikuwa fundi wa majokofu. Akapata mkataba Toronto, tukaja na begi la nguo, chetezo cha mama yangu nimekifunga ndani ya kanga, na wifi yangu Tatu akafuata baadaye kwa sababu Tatu hajawahi kukubali kuachwa nyuma. Nikafagia maofisi miaka kadhaa. Katika jengo moja la kaskazini mwa mji nikaona wamebandika tangazo: anatakiwa mtu wa kuosha vyombo vya kioo. Nikasema, hapo wameniita kwa jina.

Siku ya kwanza kazini nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposwa. Nilikoga, nikajipaka mafuta ya nazi mpaka viwiko vinang'aa, nikatundika gauni langu juu ya chetezo likanywa udi wa kutosha. Mlangoni nikamkuta mwanamke mfupi, mvi fupi, macho kama ya mwewe. Huyo ni Halina, aliyekuja Kanada kutoka Poland akiwa msichana, na ndiye aliyekuwa mkuu wa usafi wa maabara. Nikampa mkono. Hakuupokea. Akasogeza pua karibu na bega langu, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"Nyumbani," akasema. "Rudi nyumbani, oga kwa sabuni isiyo na harufu, njoo kesho."

Nikarudi kwa basi na hasira zangu. Nikamwambia Salehe, "Yule mzungu kaninusa kama nyama ya juzi, kanifukuza."

"Basi usirudi," Salehe akasema.

"Nitarudi. Nataka nimwambie usoni."

Kesho yake nikaenda kumwambia usoni. Hakunipa nafasi. Alinivalisha glavu, akaniketisha, akaweka mbele yangu kipande cha sponji cheupe cha mviringo, ukubwa wa mkebe wa maziwa, sponji kama ile ya ndani ya kochi.

"Ida," akasema. Jina langu, Mwanaidi, lilimshinda tangu dakika ile na hakujaribu tena. "Sponji hii inakwenda kaskazini, kusikoota mti. Kule kuna mashine inavuta hewa wiki nzima. Hewa inapita kwenye karatasi, kisha kwenye sponji, sumu inabaki humu. Ikirudi tunaikamua, tunapima."

"Sumu gani, kama hakuna kiwanda wala shamba?"

"Ya kwetu sisi wa huku. Dawa za wadudu. Mafuta ya transfoma za zamani. Dawa wanazotia kwenye makochi ili yasishike moto. Penye joto vitu hivi hupanda hewani, penye baridi hushuka, jua likiwaka hupanda tena. Vinaruka hivyo hivyo mpaka vifike mahali pa baridi kali ambapo haviwezi kuruka tena. Vinakaa kule, vinaingia kwenye mafuta ya samaki na ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, watu wanakula. Ila hewani ni kidogo sana. Kidogo mno. Jana wewe ulipoingia na mafuta yako na moshi wako, uliniletea mlima."

Nikauliza, "Dawa za wadudu, hata ya mbu?"

"Hata ya mbu."

Nilipokuwa mdogo Tanga, walikuwa wakija watu wa malaria na mitungi mgongoni, wanapuliza kuta za nyumba nzima. Ikikauka inabaki unga mweupe ukutani, na sisi watoto tulikuwa tunachora majina yetu kwa kidole katika unga ule. Nikamweleza Halina. Akanitazama kidogo kisha akasema, "Ile ile. Ile na dada zake." Toka siku hiyo hakuna aliyehitaji kunibembeleza kuhusu kazi hii. Jina langu lilikuwa limeshafika kule kabla yangu.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi yenyewe, maana mashine zenu mpya zimewafanya wavivu wa macho. Kioo huoshwa, husuuzwa kwa maji, kisha asetoni, kisha heksani, dawa za kuyeyushia mafuta, kisha huingia tanuri usiku kucha kikifunikwa foili. Karatasi ya nyuzi za kioo nayo huchomwa tanurini. Sponji hupikwa ndani ya dawa, hukaushwa bila kuonja hewa ya chumba, hufungwa foili, huingia kopo. Mkono haugusi kitu, ni kibano tu. "Mkono ni wa kulia chakula," Halina alikuwa akisema, na ukigusa alikupiga kibano kwenye vidole, kweli kweli, hata mabosi aliwapiga.

Na katika kila sanduku kuna sponji moja ambayo haitavuta hewa. Inakwenda na wenzake, inafunguliwa pale kwenye mashine, inafungwa tena, inarudi. Mimi niliiita shahidi. Shahidi akirudi na kitu, basi kitu hicho kimetoka kwetu: mikononi mwetu, kwenye sanduku, kwenye nywele za mtu. Kazi ya kila mtu mle ilikuwa kupata namba. Kazi yangu mimi ilikuwa shahidi arudi hana la kusema.

Ndiyo maana hamkuniona nimejipaka hata mafuta. Mnaujua ukavu wa Januari wa hapa, mtu anaweza kuwasha kiberiti kwenye mguu wangu. Mwanamke wa Tanga kutoka nje amepauka ni aibu kubwa kuliko kutoka bila viatu. Watu walidhani Salehe hanitunzi. Sabuni isiyo na harufu, nguo kuukuu zilizofuliwa mpaka zimekata tamaa, hakuna kukaanga samaki ndani, hakuna kukaa kochi jipya la mtu. Chetezo cha mama kikakaa kabatini ndani ya kanga yake, maana moshi wa udi ukiingia kwenye nywele na makabati hautoki kwa kuuomba. Halina naye alikuwa hivyo hivyo. Aliniambia, "Miaka mitatu ya kwanza mume wangu alidhani nina mwanamume mwingine asiyependa manukato." Faith, hizo rasta zako za nailoni ndizo ninazozisema, zimetiwa dawa ya kuzuia moto. Funika au fumua. Nimeshasema mara nyingi kwa upole, sasa naliandika.

Kaskazini nilipelekwa mara yangu ya kwanza kumfundisha mwendeshaji mpya wa mashine. Alikuwa mama wa Kiinuiti, mwenyeji wa kule, rika langu, anaitwa Elisapi. Espoir, wewe unalalamikia baridi ya mlango wa ghala. Kule kope zinagandana ukipepesa. Elisapi aliegesha gari lake la theluji mbali kabisa, tukatembea kuifuata mashine tukiwa upande upepo unakoelekea, ili pumzi zetu na moshi wa gari visiwe mbele ya mdomo wa mashine. Nikamwonyesha mara moja. Mara ya pili alinionyesha yeye, na kibano chake hakikutetemeka wakati changu kilikuwa kinacheza ngoma.

Tulipoingia kibandani akavua glavu, akaona mikono yangu ilivyopauka, akaangua kicheko.

"Kwenu hakuna mafuta?"

"Yapo. Nimenyimwa."

"Na mimi," akasema. "Siku ya kubadilisha sponji wamenikataza kupika sili mpaka nimalize. Mume wangu anakula biskuti siku nzima ananuna."

Tukacheka kama watu waliokua mtaa mmoja. Kisha akawa mzito. "Binti yangu amejifungua," akaniambia. "Ananyonyesha. Walishapima maziwa ya wanawake wa kwetu wakaikuta sumu hiyo, na hatujawahi kupuliza kitu chochote. Mimi sitaki maneno. Nataka kujua inapungua au haipungui. Hilo tu."

"Itajulikana," nikamwambia, "lakini miaka yote iwepo. Mwaka wenye shimo hausemi kitu."

"Basi wewe leta sponji safi. Mimi nitazitia."

Hayo ndiyo makubaliano yetu. Hatukuandikishana.

Sasa nakuja kwenye harusi, ambayo baadhi yenu mmesikia vipande vyake kwa Tatu, na Tatu huongeza chumvi.

Binti yangu Zuhura aliolewa msimu wa vuli. Ni mtoto wangu wa pekee, kazaliwa hapa hapa, tunaongea naye Kiswahili anatujibu Kiingereza, lakini harusi aliitaka ya Kitanga: singo ya kusugulia mwili, hina, asumini ya kuagiza, udi. Na anayemfukiza bibi harusi udi ni mama yake. Mama yangu hakuwahi kunifukiza mimi, alishakufa. Nilikuwa nimengoja siku ile kuliko Zuhura mwenyewe. Niliomba likizo, masanduku ya majira yote ya baridi yafungwe baada ya harusi, nami nirudi nimejisugua.

Wiki ya harusi, Alhamisi, bosi akaniita. Hali ya hewa inaharibika kule. Ndege ya mizigo imesogezwa mbele, inaondoka Jumatatu jioni, na baada yake hakuna nyingine mpaka giza la miezi ya baridi lipite. Halina alikuwa hospitali, amepasuliwa nyonga. Wengine waliokuwa wakijifunza, mashahidi wao walikuwa bado wanarudi na hadithi ndefu. Bosi alijaribu kujitolea.

"Ningefunga mimi," akasema, "lakini nimehamia nyumba mpya, Ida. Makochi mapya, mazulia mapya, magodoro mapya. Mimi mwenyewe ni kochi."

Alikuwa mtu mwema. Akaniambia niende harusini nikafurahi, yeye ataandika kwamba majira yale mashine ilikaa bila sponji. Kichwani nikamwona Elisapi amesimama mbele ya mashine tupu miezi yote ile, na bintiye yuko nyumbani na mtoto kifuani.

"Usiandike kitu," nikamwambia. "Nitakuja Jumatatu."

Kwenda harusini kungewezekana. Kunukia ndiko kusingewezekana. Niliwaambia nyumbani usiku huo huo. Tatu alishika kiuno.

"Wifi, hata tone? Tone la mafuta ya mgando, usoni tu?"

"Hata tone."

"Mama bibi harusi! Wageni watadhani tumekuokota stendi."

"Waambie mmenipata kwa bei nzuri."

"Na udi atafukiza nani?"

"Utafukiza wewe," nikasema. Tatu akaitoa mikono kiunoni.

Zuhura hakucheka wala hakulia. Alisema kwa Kiingereza chake, taratibu, kwamba siku moja tu, mama, katika maisha yote, siku moja. Nikamwambia kuna mama mwingine naye anasubiri. Akasema, "Huyo si mama yangu." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikahamisha nguo zangu ghorofa ya chini kwa jirani yetu, mama wa Kirundi asiyetumia manukato kwa sababu za dini yake, nikalala kwake mpaka Jumatatu. Hiyo ndiyo Lawrence Heights, mtaa wetu, mtu anakupa kitanda kabla hajauliza sababu.

Asubuhi ya harusi nilipanda juu kabla hawajawasha makaa. Nyumba imejaa wanawake, Tatu yuko juu ya kiti anakifunga king'ora cha moshi kwa mfuko wa plastiki, maana ghorofa zetu zile ukifukiza udi bila kukiziba unaletewa wazima moto na magari matatu. Nikapita kati yao na gauni langu kuukuu na koti, nikaenda kusimama kwenye roshani, nikafunga mlango wa kioo nyuma yangu. Nilitaka nimwone mwanangu hata kwa kupitia kioo. Upepo ulikuwa mkali. Ndani nikaona mtu ananionyesha kidole na mwenzake anaziba kicheko kwa mtandio.

Mlango ukafunguka. Zuhura akatoka, amejifunga kanga, nywele zinachuruzika maji.

"Nimeziosha kwa maji matupu," akasema. Kwa Kiswahili. "Sijapakwa kitu. Nisuke wewe kwanza. Wakishanipaka hutaweza."

"Utaugua na baridi hii."

"Basi suka haraka."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamsuka nikiwa nimesimama. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, mistari ikaenda upogo. Tatu akatoa kichwa nje aseme jambo, akatutazama, akakirudisha ndani. Tulipomaliza Zuhura akaniuliza, "Huyo mama mwingine, binti yake anaitwaje?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize."

Kisha akaingia ndani, makaa yakawashwa, nami nikashuka kwa ngazi. Toka hapo sikumgusa tena mwanangu siku ile. Ukumbini, watu wote walimkumbatia; mimi nilisimama karibu na mlango wa nje penye hewa, nimepauka kama ukuta wa chokaa, nikampungia mkono. Alinipungia. Walisema tumegombana. Walisema bwana harusi simtaki. Mama mmoja alikuja kunipa pole, nikamshukuru, nikamwomba asisogee karibu.

Jumatatu niliingia chumba safi, nikafunga makopo yote ya majira ya baridi. Foili, kopo, kifuniko, muhuri. Shahidi nilimfunga wa mwisho. Halina akapiga simu kutoka hospitali.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Unanuka?"

"Kama jiwe."

"Vizuri," akasema, akakata. Kwa Halina hiyo ilikuwa hotuba.

Ndege iliondoka na masanduku yangu. Nikapanda treni ya kwenda Pickering, mji wa jirani, nikabisha mlango wa maharusi bila taarifa, Zuhura akafungua, nikamshika mpaka mume wake akaona haya akaenda jikoni.

Masanduku yalirudi baada ya baridi. Bosi alikuja na karatasi hadi kwenye sinki langu, anacheka kama mtoto. "Hakuna kitu, Ida! Shahidi wako hana kitu kabisa!" Sijui mtu mwingine anayesifiwa kwa maneno hayo. Nikampigia Elisapi. Akaniambia bintiye anaitwa Maata, na kwamba yeye hakukosa wiki hata moja, ingawa mumewe alikosa nyama nyingi.

Sikuelewa hesabu zao zote na sijifanyi. Lakini Zuhura nilimleta maabara siku ya wageni, bosi akamwonyesha mchoro wa ile dawa ya kuta za Tanga, nukta nyingi zimepangana miaka mingi, zinashuka taratibu mno, kama mzee anayeshuka ngazi, lakini zinashuka. Hakuna shimo. Zuhura akaweka kidole kwenye nukta za baridi ile.

"Hapa ndipo nilipoolewa?"

"Hapo hapo," nikamwambia.

Akakiacha kidole pale muda mrefu. Halina, aliyekuwa amepona kiasi cha kutembea na mkongojo, akampiga kibano kwenye kidole.

Halina sasa hayupo duniani. Elisapi amestaafu kabla yangu, mashine anaiendesha Maata. Dawa za zamani zinapungua, na mpya zinakuja zenye majina marefu, kwa hiyo kazi haijaisha. Ni yenu sasa. Msiniulize kama ilistahili. Mimi nilitoka darasa la nne nikashika kitu ambacho dunia nzima inakitegemea kuwa safi, na kilikuwa safi.

Jumapili ya kwanza baada ya keki yenu, Zuhura alikuja kutoka Pickering na kifurushi cha udi. Akafungua kabati langu bila kuuliza, akakitoa chetezo, akapanda kwenye kiti akakifunga king'ora kwa mfuko. "Simama hapa, mama," akasema. Nikasimama. Akanizungushia kanga, akaweka chetezo chini yangu. Tatu alikuwepo. Yeye ndiye aliyelia.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba viwili ya kupanga, ghorofa ya tano. Mume mmoja, yule yule. Kiti cha zamani nisichokibadilisha. Kibano cha Halina. Kopo moja la sponji ambalo halijafunguliwa. Chupa ya mafuta ya nazi, imefika nusu. Na chetezo cha mama, kina majivu ya asubuhi hii.